Wiki Mkongo Ulipokatika: Kisa cha Darasa Moja la Mwaka wa Pili

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano inayopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, Nape Nnauye, aliwaeleza wananchi kwamba hitilafu iko huko baharini. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga huduma zake kwa umma tarehe 14 na 15 kwa sababu ya mtandao. Ikiwa ofisi ya namna ile ilifikia kufunga, hali ya mwanafunzi mwenye bando la siku haihitaji maelezo marefu.

Hapa naeleza kilichotokea wiki ile katika darasa moja: mwaka wa pili, zaidi ya wanafunzi mia mbili, chuo kimoja jijini Dar es Salaam, kozi ya Mbinu za Utafiti. Nilikuwa msaidizi wa mhadhiri, nikisimamia semina za makundi. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mjadala wetu kuhusu simu na masomo umekuwa wa kutupiana maneno. Huyu anasema simu zinawamaliza vijana, yule anasema bila simu hakuna elimu. Wiki ile tulipata nafasi ya kuona, kwa wanafunzi wale wale, kozi ile ile na walimu wale wale, kinachobaki pale intaneti inapoondoka ghafla.

Kozi ilivyokuwa kabla

Kozi ilikuwa imehamia kwenye simu bila mtu yeyote kuitisha kikao na kuamua hivyo. Mhadhiri aliandaa slaidi, akamtumia CR, yaani kiongozi wa darasa, na CR akazimwaga kwenye kundi la WhatsApp. Matangazo yote yalipita huko: kubadilika kwa ukumbi, tarehe ya jaribio, majina ya makundi, matokeo. Madesa, yaani maandishi ya masomo yanayorithishwa kati ya wanafunzi, ya miaka iliyopita yalipita huko pia, pamoja na mitihani ya zamani iliyopigwa picha kwa simu, karatasi imejikunja na kidole cha mpigaji kimeingia pembeni. Siku hizi kundi la WhatsApp linaweza kufika watu 1,024, kwa hiyo darasa zima lilikuwa mahali pamoja. Kabla ya 2022, kundi lilipokuwa likiishia watu 256, madarasa makubwa yalilazimika kugawanywa, na kundi la pili lilipata habari zikiwa zimeshapoa.

Mahudhurio ya mhadhara wa asubuhi yalipungua kadiri muhula ulivyosonga. Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: slaidi zitatumwa. Siwaiti wavivu. Wengi wanatoka Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, wanapanda magari mawili hata matatu kufika chuo, na boom, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ikichelewa, nauli na chakula vinagombea mfuko mmoja. Kwa mtu wa hali hiyo, kubaki nyumbani na kupokea slaidi kwa bando la bei ndogo ni uamuzi wenye akili kabisa.

Ila slaidi zenyewe zilikuwa mistari minne mitano kwa ukurasa. Maelezo, mifano, maswali na ubishi vilibaki ukumbini. Aliyepokea slaidi peke yake alikuwa na orodha ya yaliyofundishwa, akaihifadhi vizuri kwenye simu, akaamini ana kozi nzima. Na slaidi nyingine zilikuwa na picha nzito, faili moja likizidi MB 30, kwa hiyo waliokuwa na bando dogo waliahirisha kulipakua mpaka karibu na mtihani.

Chuo kilikuwa pia na Moodle yake, yaani mfumo wa kuweka masomo mtandaoni, na kozi yetu ilikuwa na ukurasa humo. Ukiufungua ulikuta muhtasari wa kozi tu, hakuna kingine.

Kazi ya makundi ya muhula huo ilikuwa utafiti mdogo. Makundi ya watu kumi kumi, kila moja lichague jambo la mitaani, liandae dodoso, liwahoji watu, liandike ripoti. Alama 15 kati ya 40 za muhula. Rasimu ililetwa semina wiki iliyotangulia. Ripoti kamili ilitakiwa Jumatano ya tarehe 15 Mei, kwa barua pepe.

Kilichokatika na kisichokatika

Intaneti ya Afrika Mashariki inategemea nyaya chache zilizolala chini ya Bahari ya Hindi. Seacom ilianza kazi 2009, EASSy ikafuata 2010, na zote zina vituo Dar es Salaam na Mombasa. Upande wa kaskazini njia ilikuwa tayari ina jeraha: Februari 2024 mikongo kadhaa, Seacom ikiwamo, ilikatika katika Bahari ya Shamu, na inaaminika ilikokotwa na nanga ya meli ya Rubymar iliyokuwa imeshambuliwa na Wahouthi, waasi wa Yemen. Ilipokatika na ya kusini mwezi Mei, nafasi iliyobaki ikawa finyu mno. Kampuni za simu zilihamishia mzigo kwenye mikongo mingine, na huduma ikarejea kidogo kidogo.

Si kila kitu kilizimika. Simu za kawaida zilipigika. SMS zilifika. Mtu aliweza kununua bando kwa pesa za simu, akapata ujumbe kwamba amefanikiwa kujiunga, kisha bando lenyewe likamshinda kulitumia. Mambo hayo humalizikia ndani ya nchi. Hata Moodle ya chuo ilikuwa hai. Ukiwa kampasi, umeunganishwa na Wi-Fi ya chuo, ilifunguka kama siku zote, maana seva yake iko jengo la TEHAMA na njia kutoka hosteli hadi pale haipiti baharini. Vilivyosuasua ni vile ambavyo seva zake ziko mbali, nje ya nchi: WhatsApp, Gmail, Google Drive, ChatGPT. Chombo kilichokuwa chini ya mamlaka ya chuo kilikuwa kizima lakini kitupu, na vyombo vilivyobeba kozi yote havikuwa vya chuo.

Jambo hili huwa linapita bila kutazamwa tunapozungumzia athari za teknolojia, na mimi naliona kubwa. Hatukuwa tumechagua teknolojia ya kufundishia. Tulichukua ile iliyokuwa tayari kwenye simu za watu, kisha mpangilio wake ukawa ndio mpangilio wa kozi.

Jumatatu mchana CR alikuja ofisini na daftari. Ujumbe aliotuma kwenye kundi tangu jana yake ulikuwa umekaa na kile kisaa kidogo, mwingine una tiki moja, na hakujua nani ameupata. Alikuwa ameandika kwa mkono namba za viongozi wa makundi yote, baadhi akizitafuta kwa kuulizia hosteli. Tulikubaliana na mhadhiri tarehe isogezwe hadi Jumatatu ya tarehe 20. CR akawapigia viongozi mmoja mmoja kwa dakika zake mwenyewe. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa idara, ambao bado ulikuwa na ratiba ya mtihani wa muhula uliopita.

Kundi la bodaboda

Kundi moja linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu nilikuwa na rasimu yao ya kabla ya mkongo kukatika na ripoti yao ya baada.

Rasimu waliiandika kwenye Google Docs. Mada ilikuwa matumizi ya kofia ngumu kwa waendesha bodaboda. Kila mtu alipewa sehemu yake, akaiandika peke yake kwenye simu, akaipachika. Ukipitia kurasa uliona mishono: ukurasa wa kwanza herufi nyembamba, wa pili nene, wa tatu una kivuli cha kijivu cha maandishi yaliyonakiliwa kutoka mahali fulani. Utangulizi ulisema walengwa ni waendesha bodaboda wa Sinza. Sehemu ya mbinu ikasema ni madereva wa daladala. Hitimisho likazungumzia "wakazi wa Dar es Salaam" kwa ujumla. Marejeo mawili kati ya matano sikuyapata popote, na kijana aliyeyaandika alisema wazi kwamba alipewa na ChatGPT na hakuwahi kuyafungua.

Ukurasa wa nne ulikuwa na aya safi kabisa kuhusu upendeleo wa sampuli: kwamba mtafiti akiwahoji wale tu walio rahisi kuwafikia, matokeo hayawezi kusemwa kuwa ya watu wote. Imeandikwa vizuri kuliko ninavyoweza kuiandika mimi. Nao walikuwa wamewahoji waendesha bodaboda wa kijiwe kimoja, kile kilichopo karibu na hosteli. Katika watu kumi hakuna aliyeona kwamba aya ile inawasema wao wenyewe. Hawakuwa na njia ya kuiona. Aliyeandika ukurasa wa nne hakuwa ameusoma ukurasa wa pili, na aliyekwenda kijiweni hakuwa amesoma chochote.

Mtandao ulipokatika walikuwa na nakala moja tu ya karatasi, ile niliyowarudishia na masahihisho. Faili lilikuwa Google. Siku ya Jumatano niliwakuta kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, chini ya mwembe, sita au saba hivi, karatasi moja katikati ikizungushwa. Wakati ule hakuna aliyeweza kusema "nitaiangalia baadaye", maana baadaye karatasi itakuwa kwa mtu mwingine. Dada mmoja, mkimya katika semina zangu zote, alikuwa anasoma kwa sauti. Alipofika aya ya upendeleo wa sampuli alisimama, akasema, "Jamani, hawa si ndio sisi? Sisi tumeenda kijiwe cha getini tu."

Wakabishana. Mmoja alisema bodaboda ni bodaboda tu, wote wana tabia moja. Mwingine, anayeishi Kimara, akasema kijiwe cha getini kuna askari wa usalama barabarani karibu kila asubuhi, kwa hiyo pale wote wanavaa kofia. Kwao Kimara ndani huko hakuna anayevaa. Palepale, bila slaidi, walikuwa wamefika kwenye kiini cha kozi. Wakaamua kwenda vijiwe vingine viwili siku iliyofuata, kimoja kiwe mbali na barabara kuu. Ripoti ya tarehe 20 ilikuwa na watu wachache kuliko walivyotaka, ina makosa ya hesabu kwenye jedwali moja, na ilikuwa kazi nzuri. Kuna sentensi humo inayokiri kwamba vijiwe vitatu havitoshi kusemea jiji zima. Safari hii sentensi hiyo ilitoka kwao.

Nisingependa mtu achukue mfano huu na kukimbilia kusema zimeni mtandao, watoto watasoma. Walipata siku tano za ziada, na siku tano ni msaada mkubwa. Walikuwa karibu na chuo. Walikuwa na karatasi yenye masahihisho mkononi. Kundi jingine lililokaa hosteli ile ile halikufanya lolote hadi mtandao uliporudi, kisha likawasilisha rasimu yake ya zamani ikiwa na herufi za aina moja tu. Kukosekana kwa mtandao peke yake hakujafundisha mtu. Kilichowafundisha wale ni kulazimika kusoma kazi nzima kwa pamoja, wakasikilizana.

Mama wa Chanika

Upande wa pili wa kisa ni mwanafunzi mwingine, muuguzi mwenye umri mkubwa kunizidi, anayeishi Chanika na kufanya kazi zamu za usiku. Alirudi shule akiwa na watoto. Kwa mtu kama yeye simu ndiyo iliyomfungulia chuo. Wenzake walimrekodia mihadhara, akaisikiliza kwa visikilizio ndani ya daladala akienda na kurudi kazini. Maswali aliyatuma kwa sauti saa nane usiku wagonjwa wakiwa wamelala, na yalikuwa maswali ya mtu aliyesikiliza hadi mwisho. Katika semina alizofanikiwa kuhudhuria alikuwa miongoni mwa wanafunzi wangu bora.

Wiki ile alipotea. Kundi lake lilihamisha vikao kwenye vimbweta, likaarifiana kwa mdomo, likagawana kazi upya. Hakuna aliyemfikiria kwa ubaya. Alikuwa hayupo machoni, basi. Ijumaa alinipigia.

"Shikamoo mama," nilimwambia.

"Marahaba mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Hivi kazi tunakusanya lini? Naona kundini kimya, nikajua mmetuacha."

Nilimweleza kuhusu tarehe mpya na vikao. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Wao wana vimbweta. Mimi darasa langu ni simu."

Nilimwomba kiongozi wa kundi lake ampigie simu ya kawaida kwenye kikao cha Jumamosi na kuiweka spika. Walifanya hivyo. Dakika za kupiga ni nafuu, na mtandao wa simu ulikuwa mzima muda wote. Akiwa nyumbani Chanika aliwapinga kuhusu swali la dodoso lililomuuliza mtu kipato chake mbele ya majirani, akisema katika kazi yake amejifunza kwamba mtu hakuambii ukweli kuhusu fedha wala ugonjwa akiwa amezungukwa. Swali likabadilishwa.

Teknolojia iliyomwokoa wiki ile ilikuwepo siku zote, mfukoni mwa kila mmoja wao. Hawakuikumbuka kwa sababu WhatsApp ilikuwa imechukua nafasi ya kila njia nyingine, hata zile zinazofanya kazi vizuri zaidi kwa jambo fulani. Mabishano ya dodoso kwa ujumbe mfupi huchukua siku mbili na kuishia na vidole gumba. Kwa sauti, watu wakisikilizana, yalichukua chini ya nusu saa.

Ninavyokisoma kisa hiki

Kwa muda mrefu katika darasa lile, kupokea kulihesabiwa kuwa ni kusoma. Desa likifika mkononi, kazi imeisha. Simu inafanya kupokea kuwe kwepesi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza muhula mzima akipokea, akihifadhi na kusambaza, bila kukaa na wazo moja likamsumbua. Na kwa sababu wenzake wote wanafanya hivyo, hakuna dalili ya hatari mpaka UE, mtihani wa mwisho, pale anapotakiwa kueleza jambo kwa maneno yake.

Lakini lawama haikai kwa mwanafunzi peke yake. Walimu tunanufaika na mpangilio huu. Slaidi zikishatumwa, tunahesabu tumefundisha. Kazi ya kundi ikifika kwenye barua pepe, tunahesabu wamefanya pamoja. Mtindo wa kugawa kurasa kwa watu kumi haukuletwa na Google Docs; ulikuwepo enzi za kalamu na karatasi, wakati mmoja aliandika na tisa wakaandikwa majina. Kilichoongezeka ni kwamba sasa mgawanyo ule unaficha uchi wake vizuri zaidi, kwa kuwa kila mtu kweli ameandika kitu.

Halafu kuna CR. Huyu kijana alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na kozi nzima ilipita kwenye simu yake. Wanafunzi zaidi ya mia mbili walimwandikia faraghani, saa yoyote, kumuuliza jambo ambalo tayari lilikuwa limetangazwa. Aliniambia kuwa wiki ile ya mtandao kukatika, baada ya kumaliza kuwapigia viongozi, alilala mapema kwa mara ya kwanza muhula ule na akasoma sura mbili za kitabu. Hakuna mahali popote katika kanuni za chuo panapomtaja mtu huyu kama sehemu ya ufundishaji, na bila yeye kozi isingeenda hata siku moja.

Yaliyofuata

Muhula uliofuata mambo machache yalibadilika, mengine kwa makubaliano ya idara na mengine kwa uamuzi wa mhadhiri. Slaidi zilipunguzwa uzito na kuwekwa Moodle kwanza, pamoja na maelezo ya kurasa mbili tatu kwa kila mada. Kundini likawa linatumwa tangazo kwamba zimewekwa. Nakala moja ya karatasi ilipelekwa maktaba na nyingine steshenari ya jirani, anayetaka akatoe kopi. Mwanafunzi anayefanya kazi au anayeishi mbali aliandikisha jina mapema, na kundi lake likajua kwamba ana haki ya kupigiwa simu kwenye kila kikao.

Badiliko lililoleta ubishi zaidi lilikuwa kwenye alama. Katika zile 15 za kazi ya kundi, 5 zilihamishiwa kwenye maelezo ya mdomo. Kundi linaingia na ripoti yake, mwalimu anachagua mtu yeyote, anamwonyesha sehemu ambayo hakuiandika yeye, anamwomba aieleze. Walilalamika sana mwanzoni, na malalamiko mengine yalikuwa ya haki: kuna wanafunzi wanaoingiwa na hofu mbele ya mwalimu, na Kiingereza cha kujieleza papo hapo kinawashinda hata wale wanaoelewa. Tukaruhusu Kiswahili. Ndani ya dakika chache za kwanza ulikuwa unajua ni kundi gani limekaa pamoja na ni lipi limegawana kurasa.

Suala la CR halijapata jibu. Nilipendekeza kazi ile igawanywe kwa watu watatu na idara iwalipie muda wa maongezi na bando, angalau kwa kozi zenye wanafunzi wengi. Jibu lilikuwa kwamba hakuna kifungu cha bajeti. Nitalipeleka tena bajeti ijayo itakapoandaliwa, safari hii nikiwa na daftari lake la namba, ambalo aliniachia alipomaliza uongozi.